Ndala Kwenye Foleni

14 Januari

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta na mkasi mkononi na mteja kitini, si mkasi mkononi na kiti kitupu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unapiga kelele kama unamwita mtu ng'ambo ya mto, na mtaa mzima unajua mambo yangu kabla yangu. Mimi nimefika salama. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe hauna neno. Mwambie Mama blanketi lake najifunika. Atauliza kama nakula vizuri. Mjibu ndiyo kabla hajamaliza swali.

Kazi nimeianza. Mlangoni kwetu pameandikwa Idara ya Sera, na mimi ni afisa wa daraja la chini kabisa. Chini yangu kuna zulia tu. Niko kwenye majaribio. Mwezi wa saba kamati itakaa, ama nithibitishwe, ama nishukuriwe. Hapa mtu akishukuriwa, anakusanya vitu vyake.

Nilidhani sera huandikwa na watu wanaojua. Kumbe huandikwa na watu wanaoulizana. Kwenye meza ya jirani yuko mzee mmoja tunayemwita Bwana Rasimu, maana kila anachoandika hurudishwa akakiandike upya, naye hukiandika upya bila kinyongo tangu sijazaliwa. Nilimwuliza sera ni kitu gani hasa. Akasema, "Ni kumpangia mtu usiyemjua aamke saa ngapi." Sikujua kama nicheke.

Andiko langu la kwanza ni kuhusu watu wanaosubiri sana kwenye zahanati. Mkurugenzi hataki majedwali matupu, anataka "sauti ya mwananchi". Mwananchi ninayeijua sauti yake ni wewe. Banda lako la kunyolea linatazamana na geti la zahanati. Niandikie unachokiona pale asubuhi.

Usipambe, Mjomba. Nakujua.

Mpwa wako.


2 Februari

Waziri Mdogo,

Marahaba, na nyingine uiweke akiba. Kiti hakikuwa kitupu. Alikuwamo fundi bomba, yule ambaye kila nikimnyoa ananisimulia jinsi kinyozi wake wa zamani alivyokuwa hodari. Mama yako mzima. Presha inatii dawa. Magoti hayamtii mtu. Anaringa mtaani hadi anatia aibu. Juzi nimemsikia akimwambia muuza mkaa, "Mwanangu anaandika sheria." Nikamwambia, dada, sera si sheria. Akanijibu, "Wewe nyoa."

Unaitaka zahanati. Mimi naiona kwenye kioo, kwa hiyo naiona kinyumenyume, na pengine ndivyo inavyopaswa kuonwa.

Alfajiri, kabla mlinzi hajafungua geti, foleni imeshajipanga, lakini si ya watu. Ni ya ndala. Mgonjwa anafika, anaziweka mstarini, nafasi imeshikwa, mwenyewe anajiondokea. Kuna za bluu zilizokatika kamba zikafungwa waya. Kuna kiatu cha ngozi cha mwalimu mstaafu, kimoja tu, maana anasema viwili ni kujionyesha. Wiki iliyopita nesi mgeni alitoka akaita, "Anayefuata!" Ndala zikamtazama. Akaita tena, kwa ukali, kama vile zimekaidi. Nikafungua dirisha nikamwambia, "Nesi, hizo haziumwi, wanaoumwa ni wenyewe." Akanisonya. Siku nyingine mbwa alipita akabeba moja, mtu akapoteza zamu na kiatu kwa mkupuo.

Ndiyo nchi yetu, mpwa wangu. Viatu vinaamka mapema kuliko wenye miguu.

Ulisema nisipambe. Nimepamba kidogo tu, pale kwa mbwa.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi presha ya Mama kutulia. Mwambie nimenunua sufuria, asinitumie nyingine. Hapa joto limezidi, na feni ya ofisi inazunguka upande wa Mkurugenzi tu, kama iliyopata maelekezo.

Nina jambo la kukueleza, nalo linanikosesha raha, ingawa watu wote hapa wananipongeza. Barua yako niliisoma kikaoni. Nilipaswa kukuomba ruhusa. Nilitaka kukuomba. Lakini ilifika siku moja kabla ya kikao, na andiko langu lilikuwa kavu kama kuni. Mkurugenzi alicheka akavua miwani akaifuta. Nilipofika pale kwa nesi, hata mwandika kumbukumbu aliacha kuandika. Kisha Mkurugenzi akakaza uso. "Hili ndilo tatizo lenyewe," akasema. "Watu wanalala nyumbani, viatu vinatumwa kupata huduma."

Mchana huohuo yakapatikana mapendekezo, na kalamu iliyoyaandika ni yangu. Kushika nafasi kwa kitu chochote ni marufuku. Mlinzi atagawa namba za kadibodi getini. Namba anapewa aliyesimama mstarini, na akitoka mstarini namba inarudi. Tujaribu kwanza kwenye zahanati moja. Wakauliza, ipi? Vichwa vyote vikanigeukia.

Sikusema hapana, Mjomba. Jaribio likifaulu, jina langu litafika kwa Katibu Mkuu kabla ya kamati kukaa. Likishindwa, ni mimi niliyewaletea kichekesho.

Bwana Rasimu peke yake ndiye hakucheka. Tulipotoka aliniuliza, "Hao wenye ndala, wakishaziacha, huwa wanakwenda wapi?" Nikamjibu, "Kulala, nadhani." Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuchukua chai.

Mwambie Mama kibao kipya kinakuja getini. Jina langu halitakuwapo, lakini maneno ni ya mwanawe.

Mpwa wako.


20 Aprili

Waziri Mdogo,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Sababu ya kwanza ni mvua. Sababu ya pili ni mvua iliyofuata. Bati langu limeshindwa na tundu moja, nami nimehamisha kiti hatua moja kushoto. Sasa mteja anaketi mahali pakavu na mimi nanyoa chini ya tone.

Kuhusu kunisoma kikaoni, sina ugomvi. Ningejua nina hadhira kubwa hivyo, ningeongeza mbwa wa pili.

Kibao kimefika. Rangi nyeupe, maandishi ya bluu. Siku ya kwanza mama yako alisimama mbele yake akakisoma kwa sauti tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kisha akamwambia kila aliyepita ni nani kakiandika. Mwalimu mstaafu akamwuliza, "Na sisi wenye mguu mbovu tusimame wapi?" Mama yako akamjibu, "Msimame vizuri."

Utaratibu upo. Mlinzi amepata kofia na redio. Ndala hazionekani tena mstarini. Lile benchi langu la nje limekuwa tupu asubuhi, basi nimelipaka rangi, ya kijani. Imekauka vizuri kwa kuwa hakuna anayelikalia. Mkasi wangu mkubwa nimeunoa. Paka wa jirani amezaa. Bei ya sabuni ni ileile.

Mama yako anakusalimu sana. Narudia, anakusalimu sana. Ukipiga simu usimwulize habari za magoti, hapendi.

Mjomba wako.


1 Juni

Mjomba, shikamoo, na hongera kwa paka.

Sina habari za nyumbani kwangu. Nyumbani nakwenda kulala tu. Takwimu za jaribio zimefika. Foleni imepungua karibu nusu. Mkurugenzi alizibandika ukutani kwa mkono wake, na mkuu wa utumishi, ambaye tangu Januari ananiita "wewe binti", jana kaniita kwa cheo. Mwezi ujao nitawasilisha mwenyewe mbele ya Katibu Mkuu. Wanataka kibao kile kiwekwe nchi nzima.

Ningepaswa kufurahi. Nakwambia ukweli, sifurahi.

Bwana Rasimu alizisoma zile karatasi akiwa amesimama. Akaniuliza, "Foleni ikipungua, wamepona au wamekata tamaa?"

Nikamwambia, "Mzee, usinitie mkosi. Imepungua kwa sababu ya utaratibu."

"Basi sawa. Dawa za presha dirishani, zinatoka kama zamani?"

Nikatazama. Zimepungua pia. Za presha, za kisukari, za moyo. Za watoto na za malaria ziko palepale.

Mjomba, wewe tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia barua bila kumsengenya mtu. Ya mwisho ulinisimulia habari ya sabuni. Nimepiga simu kwako. Mama ndiye anayepokea, anasema mtandao mbaya, naye ananisikia vizuri kabisa. Wale waliokuwa wakiacha ndala, walikuwa wakienda wapi? Na Mama anakwenda kliniki?

Mpwa wako.


12 Juni

Mpwa wangu,

Leo mwandishi ni mimi, maneno ni ya mama yako. Ameona barua yako mikononi mwangu, akaniambia nichukue kalamu. Ameketi kwenye kiti cha kunyolea, kitambaa shingoni, kama anayesubiri ndevu.

Anasema: mwanangu, niko imara kama jiwe la kusagia. Anasema: zahanati ipo na inafanya kazi. Anasema: dawa zimejaa pale dirishani, anayetaka anapewa. Anasema mtaa mzima unajua mwezi ujao utasimama mbele ya wakubwa, kwa hiyo ukatafute viatu vya heshima, vile vya kazini vimepinda visigino, aliviona ulipoondoka. Anasema usihangaike na watu ambao wenyewe hawahangaiki. Anasema naandika polepole mno. Anasema sasa funga.

Nimemsomea, amelikubali kila neno. Nakuomba uisome tena taratibu, kama ulivyokuwa ukisoma maswali ya mtihani.

Mjomba wako hapa hajasema chochote.


24 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma. Amesema zahanati ipo. Amesema dawa zipo. Hakusema anakwenda, na hakusema anameza.

Niandikie ya kwako, Mama akiwa hayupo. Na tafadhali, safari hii usinichekeshe. Ulinichekesha mara moja ikawa kibao.

Mpwa wako.


3 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako amekwenda msibani, kwa hiyo naandika.

Wenye ndala hawakuwa wakilala. Walikuwa kwenye benchi langu. Mwalimu mstaafu, mama muuza vitumbua aliyevimba miguu, yule bibi wa kisukari, na mama yako akiwa mwenyekiti wao. Waliketi, wakasemana, wakanitolea makosa kwenye unyoaji wangu, na zamu ilipokaribia kila mmoja alikwenda akavaa ndala zake akaingia. Ndala zilisimama kwa niaba ya watu wasioweza kusimama. Mimi nilikuandikia ndala, sikukuandikia benchi, kwa kuwa benchi halikuwa na kichekesho.

Siku ya kwanza ya kibao mama yako alisimama. Alisimama hadi midomo ikabadilika rangi, akaketi ukingoni mwa mtaro. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akamwendea: "Mama, samahani, umetoka mstarini." Mama yako akampa namba yake mkononi bila kubishana, akarudi nyumbani kwa kushika ukuta. Hajaenda tena. Dawa zilikwisha mwezi wa nne. Nilimnunulia nyingine dukani, akasema dawa isiyopimwa haimezi, yeye si mtu wa kubahatisha. Sasa anaumwa kichwa asubuhi na anafunga khanga kichwani ili nisijue, nami najifanya sijui.

Nilimwambia, dada, yule mlinzi mimi ndiye ninayemnyoa. Weka ndala zako, atatazama pembeni. Alinitazama kama nimemtukana. "Mwanangu ndiye aliyeiandika amri hii," akasema. "Mimi ndiye niwe wa kwanza kuivunja? Kesho kamati imwulize, hata mama yako hakusikii?"

Akanikataza kukuambia hadi uthibitishwe. Nikakubali. Nilidhani miezi mitatu si kitu. Wewe ulikuwa unapanda ngazi, na mimi nikaona nisitikise.

Ukishasoma fanya unavyoona. Simo katika kamati yoyote.

Mjomba wako.


16 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nyingine nitazileta mwenyewe. Nimeomba ruhusa, wamesema baada ya wiki mbili.

Jana niliwasilisha. Nilisimama na viatu vyangu vilivyopinda. Nilianza na takwimu, Katibu Mkuu akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha nikasema foleni imepungua kwa sababu wasioweza kusimama wameacha kuja. Nikasema ndala zilikuwa zimeshika nafasi ya wagonjwa walioketi ng'ambo ya barabara, na kwamba andiko langu halikuuliza wameketi wapi.

Mkurugenzi akaniingilia: "Afisa, hilo umelipata wapi? Kuna utafiti?"

"Kuna mgonjwa mmoja namfahamu."

"Mgonjwa mmoja si utafiti."

Nikamjibu, "Barua moja ya kinyozi ilikuwa utafiti, mheshimiwa."

Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Hakuna aliyecheka. Katibu Mkuu akafunga jalada, akasema kibao kisipelekwe popote kwingine, na kilipo sasa kirekebishwe. Kirekebishwe lini, hakusema. Kamati ilikaa mchana. Sikuthibitishwa na sikushukuriwa. Nimeongezewa miezi sita ya majaribio, na meza yangu imehamishiwa korido, karibu na mlango wa choo. Bwana Rasimu alinibebea kiti. Akanikabidhi pia kalamu yake nyekundu, akaniambia nianze na rasimu ya marekebisho, na kwamba nisitegemee itakubaliwa mara ya kwanza.

Lakini karatasi itapita meza nyingi, na presha haisubiri meza. Mwambie Mama hivi, neno kwa neno: aliyeandika kibao anakuomba ukivunje. Kesho. Msomee hata kama kuna watu.

Nipigie simu akishapimwa. Piga kelele unavyotaka.

Mpwa wako.


24 Julai

Waziri Mdogo,

Marahaba. Simu yangu anayo mama yako, na mama yako yuko ndani ya zahanati, kwa hiyo naandika huku natazama kioo.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nilimsomea mbele ya fundi bomba. Akauliza, "Ina muhuri?" Nikamwambia haina. Akanitaka nisome tena pale unapomwomba. Kisha akasema, "Hii basi ni ruhusa ya mtoto, si ya serikali." Nikaona tumekwama. Akaendelea, "Lakini serikali simjui mama yake."

Akaingia chumbani akatoka na viatu vyeusi, vile vya harusi na misiba. Nikamwambia, dada, weka ndala kuukuu, wote ndivyo walivyokuwa wakifanya. Akasema kuweka kiatu usichokihitaji ni udanganyifu. Akavuka barabara, akavivua mstarini, akavipanga sawasawa, akarudi peku hadi kwenye benchi la kijani. Mlinzi akamfuata. "Mama, vitu haviruhusiwi kushika nafasi." Mama yako akamjibu, "Namfahamu aliyeandika. Nenda kakae." Mlinzi akanitazama mimi. Nikamwonyesha mkasi. Akaenda kukaa.

Hakukaa sana pale benchini. Nilimwona kwenye kioo akiinamisha kichwa kama anayetafuta kitu chini. Nikatoka mbio na kitambaa cha mteja mkononi, na nesi, yuleyule aliyenisonya, akatoka mbio upande wake. Akampima hapohapo kwenye benchi. Namba aliyoiona siiandiki, na safari hii si kuficha. Hakuisema, alimwita daktari tu. Wakamwingiza ndani kwa kumshika mikono. Fundi bomba ananingoja kitini, nusu kichwa.

Nimeendelea kuandika ili mkono uwe na la kufanya. Mwalimu mstaafu amepita, ameviona viatu vyeusi, akavua kimoja chake akakiweka nyuma ya vile. Kisha bibi wa kisukari. Foleni ikisogea, aliye nyuma anavisukuma vya mama yako mbele kidogo kwa mguu, kwa heshima, kama anayemsogezea mkubwa kiti. Vimekaribia mlango. Yeye bado. Daktari ametoka, ameingia tena. Mpwa wangu, sijui niandike nini hapa.

Nimeacha nafasi.

Ametoka. Nesi amemshika upande mmoja, mkononi ana mfuko wa dawa. Wamemwambia arudi kila wiki. Yuko peku, na ananiita kwa sauti inayofika hadi kwako. Anataka kujua ni nani aliyevipeleka viatu vyake mbele wakati mwenyewe hayupo. Anasema huo si utaratibu.